Kazi ya Kufundisha Lakrosi: Habari za Bibi Kelly Amonte Hiller

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniandikia barua akinitaka nieleze habari za kazi yangu ya kufundisha michezo katika shule ya wasichana. Nilimjibu ya kuwa kazi yangu ni ndogo, haijazi hata ukurasa mmoja. Lakini yuko mwanamke mmoja huko Marekani afanyaye kazi ya namna hiyo hiyo, ila yeye ameifikisha mbali sana, na habari zake zimenifunza jambo ambalo ningalilijua mapema nisingalimkosea mtoto wa watu. Basi nitawaelezeni habari za mwanamke huyo, na kosa langu nitalisema mahali pake.

Jina lake ni Kelly Amonte Hiller. Hufundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Northwestern mchezo uitwao lakrosi. Najua wengi wenu hamjauona mchezo huo kwa macho. Sisi tuliosoma hapo zamani tulijua futboli, mbio, na voliboli siku ambazo wavu haukuwa umechanika. Kwa hiyo hapana budi kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana mtu hawezi kujua ugumu wa kazi ya mwalimu asipojua anachofundisha.

Kila mchezaji wa lakrosi hushika fimbo. Kwenye ncha ya fimbo pana kichwa chenye wavu, mfano wa kijikapu kisicho na kina. Mpira ni wa raba ngumu, ukubwa wake kama chungwa dogo. Mpira huo haupigwi teke, wala mchezaji wa kawaida haushiki kwa mkono: huokotwa kwa wavu, hubebwa katika wavu, hurushwa kwa wavu na kudakwa kwa wavu. Anayekimbia nao huitikisa fimbo yake polepole huku na huku, kama mama abembelezaye mtoto, ili mpira usidondoke. Kila upande una watu 12, mmoja wao akiwa golikipa. Kiwanja kinakaribia kile cha futboli, lakini goli ni dogo, upana wake futi 6 na kimo chake futi 6, nalo halikai juu ya mstari wa mwisho bali limesogezwa ndani, hata wachezaji huweza kupita nyuma yake na kuleta hatari kutoka huko. Mtu aliyezoea futboli huona ajabu sana mara ya kwanza kumwona mshambuliaji amesimama nyuma ya goli na mpira wake, ametulia, anachungulia.

Wanaume wachezapo lakrosi huvaa kofia ngumu na glavu, na wanaruhusiwa kugongana miili. Wanawake hawaruhusiwi. Kwa hiyo wachezaji wao, isipokuwa golikipa, huvaa miwani ya waya ya kulinda macho na kinga ya meno tu, na ushindi wao hutegemea miguu, macho na wepesi wa mikono. Jambo jingine mlishike, maana nitalirudia: katika lakrosi, timu ikifungwa bao haipewi mpira kuanza upya kama katika futboli. Wasichana wawili husimama katikati ya kiwanja, mpira huwekwa kati ya fimbo zao, na filimbi ikilia huinua fimbo kwa nguvu mpira uruke juu ya vichwa vyao, kila mtu augombee. Basi timu hodari wa kuugombea huweza kufunga bao, ikaupata tena, ikafunga tena, na wenzao wasiuguse kabisa.

Asili ya mchezo huu ni kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, hasa mataifa ya Haudenosaunee, ambayo Wafaransa waliyaita Iroquois. Kwao haukuwa mchezo tu, ulikuwa pia ibada, na hata leo ni hivyo. Wanawake wa Kizungu waliupata kwa njia ya shule. Mwaka 1884 mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya St Leonards, katika mji wa St Andrews huko Scotland, alipokuwa safarini Amerika aliuona ukichezwa, akaupenda. Na mwaka 1890 wasichana wa shule yake wakacheza mechi ya kwanza. Mmoja wa waliosoma shule hiyo, Rosabelle Sinclair, alikwenda Marekani, na mwaka 1926 akaunda timu ya wasichana katika shule ya Bryn Mawr mjini Baltimore. Mwaona basi: walioupeleka mbali ni waalimu wa shule kama zetu, si matajiri wala mawaziri.

Hata hivyo kwa muda mrefu mwanamke hakuweza kula kwa kazi hiyo. Vyuo vya Marekani vilitumia fedha nyingi kwa michezo ya wanaume, na wanawake waliachiwa masazo. Mwalimu wa timu ya wanawake mara nyingi alikuwa mwalimu wa darasa aliyejitolea jioni, na wasichana wenyewe walishona sare zao au kuuza keki wapate nauli. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alitia sahihi sheria ambayo kifungu chake cha tisa kilikataza shule au chuo chochote kinachopokea fedha za Serikali kumbagua mtu kwa sababu ya kuwa mwanamume au mwanamke. Kifungu hicho hakitaji michezo hata kwa neno moja. Lakini wanawake walikishika, wakaenda nacho mahakamani na kwenye ofisi za wakuu wa vyuo, na polepole mabaraza ya vyuo yakalazimika kuwapa viwanja, nguo, safari, na waalimu wenye mshahara. Mwaka 1982 chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza mashindano yake ya taifa ya lakrosi ya wanawake. Tangu hapo ndipo kufundisha lakrosi ya wanawake kulipoanza kuwa kazi ambayo mtu aweza kuitaja mbele ya wazazi wake bila kuona haya.

Hapa pana jambo la kuchekesha na kusikitisha pamoja. Kabla ya sheria hiyo, zaidi ya 90 kwa mia ya timu za wanawake katika vyuo vya Marekani zilifundishwa na wanawake. Kazi ilipopata mshahara mzuri, wanaume nao wakaitaka. Kufika mwaka 2014 wanawake waliobaki walikuwa kama 43 kwa mia tu. Asali ilipopatikana, waliofuga nyuki wakasukumwa pembeni. Lakrosi ni mmoja wa michezo ambamo wanawake hawakusukumwa: sehemu kubwa ya waalimu wa timu za wanawake ni wanawake, na wengi walicheza kwanza chini ya mwanamke mwingine. Ni kama ukoo. Na ukoo wa Bibi Kelly waanza kwa Bibi Cindy Timchal.

Bibi Timchal alianza kufundisha Northwestern mwaka 1982. Mwaka 1990 aliondoka, akaenda Chuo Kikuu cha Maryland, na huko akafanya mambo ambayo hayajawahi kufanywa. Timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1992, kisha kutoka 1995 hata 2001 ikautwaa kila mwaka, miaka 7 mfululizo. Jumla mara 8. Fikirini, wanafunzi wa chuo hukaa miaka 4. Katika miaka 7 timu nzima imekwisha badilika, walioanza wote wameondoka, na bado ushindi ukabaki pale pale. Baadaye aliacha yote hayo akaenda Chuo cha Maofisa wa Jeshi la Maji huko Annapolis, chuo ambacho kabla ya 1976 hakikupokea wanawake kabisa, akaanza timu upya tangu chini. Mwaka 2017 timu hiyo ilifika nusu fainali ya taifa, na hakuna timu ya wanawake ya chuo cha kijeshi iliyokuwa imefika hapo katika lakrosi. Yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa lakrosi ya wanawake katika daraja la kwanza kupata ushindi wa mechi 500.

Kelly Amonte alikuwa mmoja wa wachezaji wake pale Maryland. Alizaliwa mwaka 1974, akakua Hingham katika jimbo la Massachusetts, katika nyumba ya watoto wa kiume wapenda michezo. Ndugu yake mmoja, Tony Amonte, alikuja kuwa mchezaji maarufu wa hoki ya barafu katika timu ya Chicago. Pale chuoni Kelly alicheza futboli na lakrosi zote mbili, na mwaka 1995 na 1996 alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa. Aliichezea pia timu ya taifa ya Marekani. Alipomaliza masomo alifanya kazi ya usaidizi katika vyuo vya mashariki, kazi ya kubeba mikoba ya mipira na kuandika hesabu za mechi za watu wengine. Kila mwalimu mzuri ninayemjua alipita hapo.

Mwaka 2000 Northwestern walimwita. Chuo hiki kiko Evanston, kaskazini kidogo ya Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Sisi tukaao karibu na ziwa letu kubwa twadhani ziwa ni joto na samaki. La kwao huganda kando kando wakati wa baridi, na upepo wake hukata uso kama wembe, nayo ndiyo miezi ambayo wachezaji wa lakrosi hujitayarisha, kwa kuwa mechi zao huanza Februari. Tena timu haikuwapo. Ile aliyoifundisha Bibi Timchal zamani ilikuwa imefutwa mwaka 1992, na waliobaki wakicheza walicheza kwa kujifurahisha, bila msaada mkubwa wa chuo. Bibi Kelly alikuwa na umri wa miaka 26. Alipewa jina la mwalimu, kiwanja, na kalenda iliyosema timu itarudi katika mashindano rasmi mwaka 2002.

Shida yake kubwa ilikuwa watu. Wasichana hodari wa lakrosi walitoka Maryland, New York, Pennsylvania na majimbo mengine ya mashariki, wakaenda vyuo vya huko huko. Nani atapanda ndege kwenda kucheza kando ya ziwa lililoganda, katika timu ambayo haijashinda hata mechi moja? Kwa hiyo Bibi Kelly alifanya jambo ambalo wenzake waliliona la kukata tamaa. Alianza kutazama watu waliokuwa karibu naye. Pale chuoni palikuwa na wasichana wawili, mapacha, wenye miili ya riadha, waliokuwa wakifanya mazoezi ya kukimbia. Lakrosi hawakuijua. Hawakuwahi kuicheza maishani. Yeye aliwaona mbio zao, akawauliza kama wangependa kujifunza. Wakakubali. Akawafundisha kushika fimbo kama mtoto afundishwavyo kushika kalamu.

Matokeo ya mwaka 2002 yalikuwa ushindi 5 na kushindwa 10. Mwaka uliofuata wakashinda 8, wakashindwa 8. Mwaka 2004 wakashinda 15, wakashindwa 3, wakaingia katika mashindano ya taifa. Na mwaka 2005 walicheza mechi 21 wakashinda zote 21. Katika fainali waliwafunga Virginia mabao 13 kwa 10. Wale mapacha walikuwamo katika timu hiyo, walinzi wa kutegemewa. Hapo kabla ubingwa haukuwahi kutoka katika vyuo vya pande za mashariki ya nchi.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Mwaka wangu wa pili wa kazi, katika shule ambayo sitaitaja, walinijia wasichana kama 40 wakitaka nafasi katika timu ya netiboli. Nafasi zilikuwa 14 tu. Nilikuwa kijana, nilitaka kombe, na nilitaka mwalimu mkuu ajue kuwa nataka kombe. Nikawachagua kwa alasiri moja. Niliwapanga mistari, nikawarushia mipira miwili miwili, aliyedaka akakaa kulia, aliyeangusha akakaa kushoto. Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mrefu, mwenye kutembea kama mtu anayekwenda mbali. Alitoka shule ya msingi ya shambani ambako mpira wao ulikuwa majani ya migomba yaliyofungwa kwa kamba. Mpira wa kwanza ulimpiga kifuani. Wa pili aliukimbilia vizuri sana, akaufikia pale ambapo hakuna mwingine angaliufikia, kisha ukamponyoka. Nikamwambia, "Kaa pembeni, hujui. Labda mwaka ujao."

Mwaka ujao hakuja. Siku ya michezo ya shule alikimbia mita 800 bila viatu, akawaacha wenzake wote, wakiwamo wanne wa timu yangu ya netiboli. Nilimwendea nikamwuliza kwa nini hakurudi kujaribu. Alinitazama kwa adabu, akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa kwao, akasema, "Mwalimu, wewe ulisema sijui. Na kweli sikujua." Hakusema kwa uchungu. Laiti angalisema kwa uchungu ningalijitetea. Mwisho wa mwaka ule alihamia shule nyingine, sikumwona tena.

Nilipokuja kusoma habari za wale mapacha wa Evanston, ndipo nilipomkumbuka. Mimi nilitazama mikono yake, ambayo ningaliweza kuifundisha kwa miezi miwili, sikutazama miguu yake, ambayo hakuna mwalimu awezaye kumpa mtu. Bibi Kelly alikuwa na haja ya kushinda kuliko mimi. Mshahara wake ulitegemea ushindi, wangu haukutegemea. Ila yeye alijua lipi hufundishika na lipi halifundishiki. Nadhani hiyo ndiyo nusu ya kazi yetu, nami nimeijua nikiwa na mvi mbili tatu.

Turudi kwa mabingwa. Tarehe 12 Julai 2005 timu ile ilialikwa Ikulu ya Washington kumwona Rais Bush, kama ilivyo desturi kwa mabingwa wa vyuo. Walipiga picha naye, wasichana wakiwa wamevaa nguo nzuri. Picha ilipotoka kwenye magazeti, watu wakatazama miguu: baadhi ya wasichana wa mstari wa mbele walikuwa wamevaa kandambili! Basi Marekani nzima ikagawanyika. Wengine walisema ni utovu wa adabu mbele ya mkuu wa nchi, wengine wakasema hizo ni kandambili za urembo, si za bafuni. Ushindi wa mechi 21 ulikuwa umeandikwa kwa mistari michache, lakini kandambili ziliandikwa kurasa nzima. Wasichana wenyewe walifanya jambo la busara: walizitoa zikauzwa kwa mnada, na fedha zikaenda kumsaidia mtoto mdogo mgonjwa waliyekuwa wamefanya urafiki naye. Nimewasomea wanafunzi wangu kisa hiki mara nyingi. Wao hucheka, kisha huuliza kama Rais alikasirika. Hilo mimi siwezi kulijibu.

Baada ya hapo Northwestern ilitwaa ubingwa mwaka 2006, 2007, 2008 na 2009, ambao ni mara 5 mfululizo ukihesabu ule wa kwanza. Mwaka 2009 walicheza mechi 23 wakashinda zote, na fainali wakawafunga North Carolina mabao 21 kwa 7. Mwaka 2010 walifika fainali wakashindwa na Maryland, chuo alichosoma mwalimu wao mwenyewe. Mwaka 2011 wakawalipa, 8 kwa 7. Mwaka 2012 wakachukua tena.

Kisha ukame ukaja, miaka 11. Watu wanaotamani kazi hii nawasihi wausome wakati huu kuliko ule wa makombe. Vyuo vingine vilikuwa vimejifunza mbinu zake: navyo viligombea wasichana wa majimbo ya mbali, vikafanya mazoezi makali ya kuugombea mpira wa katikati. Mwaka 2021 Northwestern hawakuwa wamefungwa na mtu hata nusu fainali, na hapo Syracuse wakawafunga 21 kwa 13. Mwaka 2022, nusu fainali tena, waliwatangulia North Carolina kwa mabao mengi, robo ya mwisho ikafika, na mechi ikaisha 15 kwa 14, wao wakiwa wameshindwa. Mwaweza kuuliza, yawezekanaje timu kufungwa mabao mengi hivyo kwa dakika chache bila kujibu? Kumbukeni niliyosema juu ya kuanza upya baada ya bao. Mpira ukikwisha kwenda upande mmoja waweza kukaa huko huko, na mwalimu aliyesimama kando ya mstari huona saa inakwenda naye hana la kufanya ila kuomba muda wa kupumzika.

Mwaka 2023 walishindwa mechi ya kwanza ya msimu, wakashinda 21 zilizofuata. Fainali ilichezwa Cary, North Carolina, wakawafunga Boston College mabao 18 kwa 6. Huo ukawa ubingwa wa 8 wa Bibi Kelly akiwa mwalimu. Mwalimu wake, Bibi Timchal, pia ana 8. Mwaka 2024 Boston College walilipa kisasi, 14 kwa 13, ingawa Northwestern walianza kwa kuongoza 6 kwa 0. Mwaka 2025 North Carolina waliwashinda katika fainali, 12 kwa 8. Kwa hiyo kufika mwaka huo mwalimu na mwanafunzi walikuwa bado sawa sawa.

Sasa kazi yenyewe ya kila siku. Msidhani ni kusimama kiwanjani na filimbi. Sehemu kubwa ni kutafuta wachezaji. Mwalimu husafiri majira ya joto kwenda kwenye mashindano ya wasichana wa sekondari, akakaa juani siku nzima na daftari. Zamani waalimu walishindana mpaka wakawa wanawaahidi nafasi watoto wa miaka 13 na 14. Mwaka 2017 chama cha NCAA kiliweka sheria kwamba mwalimu asizungumze na msichana juu ya kumchukua kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, ambayo ina miaka 4 huko. Naiona sheria nzuri. Mtoto wa miaka 13 hajui hata kama kesho atapenda chai au uji. Kisha kuna kugawa fedha za masomo. Kwa miaka mingi timu moja iliruhusiwa karama zenye thamani ya wanafunzi 12 tu wa kulipiwa kila kitu, nayo timu ina watu zaidi ya 30, basi mwalimu alizikata vipande vipande, huyu nusu, yule robo, na kila kipande kina mzazi anayepiga simu. Mwaka 2025 mpango huo ulibadilishwa. Tena lazima wachezaji wafaulu mitihani yao. Asiyefaulu hachezi, hata akiwa hodari namna gani.

Ana wasaidizi, na mmoja wao amekuwa mumewe, Scott Hiller, mchezaji wa zamani wa lakrosi. Yaani uwanjani mume ni msaidizi wa mke, na amri ni ya mke. Niliwaeleza wazee fulani wa kijijini kwetu habari hii tukiota moto. Mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na wanashinda?" Nikamwambia wanashinda. Akasema, "Basi."

Mtasema hayo yote ni ya mbali. Si mbali kama mnavyodhani. Lakrosi iliingia hapa Uganda karibu na mwaka 2010 kwa mikono ya Wamarekani waliojitolea, na mwaka 2014 timu yetu ya wanaume ilikwenda Denver, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya mchezo huu. Na mwaka 2028 lakrosi itarudi katika Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles, baada ya kutokuwamo kama mchezo wa medali tangu 1908. Itachezwa na watu 6 kila upande, timu za wanaume na za wanawake.

Mimi nilipata fimbo 9 kwa msaada wa rafiki wa Kampala, mbili nyavu zake zimetatuka, nazo nimezishona kwa uzi wa kuvulia samaki. Siku hizi katika shule ninayofundisha sichagui kwa alasiri moja. Muhula wa kwanza wote aliye na miguu na aje, anayeangusha aokote, nami naandika katika daftari nani amekuja mara ngapi. Muhula uliopita walioanza walikuwa 31, waliobaki ni 22, na wawili kati ya walio hodari kabisa hawakujua kudaka kitu chochote mwezi wa Februari.

Siku ya Wazee wa Shule nitakuja na fimbo zangu zote. Mhariri ameniahidi kiwanja cha chini, kile cha karibu na mierezi, tangu saa 9 mchana mpaka giza. Atakayetaka kujaribu, mwanafunzi au mzee mwenzangu mwenye kitambi, aje na viatu vya mpira. Viatu asipokuwa navyo, aje vivyo hivyo.